Wauzaji Watatu wa Waifai

Kundi la maofisa ugani lilikuja kufanya semina ya siku tatu kwenye nyumba yetu ya wageni pale Masuguru, mjini Korogwe. Tuna vyumba kumi na viwili na ukumbi mmoja. Sehemu kubwa ya jengo ilikuwa ghala la mkonge zamani, kwa hiyo kuta zake ni za mawe, nene kiasi kwamba mtu akikaa dirishani anaweka kikombe, sahani na kiwiko na bado nafasi inabaki. Wageni wanazipenda kwa ubaridi wake. Simu hazizipendi hata kidogo.

Siku ya pili nilitoka jikoni nikawakuta maofisa saba wamesimama uani katikati ya mashuka niliyoanika, kila mmoja ameinua simu yake juu. Mmoja alikuwa amejifunika ncha ya shuka kichwani asiungue na jua. Walikuwa wanatuma ripoti. Ukumbini mtandao haukufika, lakini pale kwenye kamba za nguo ulikuwa unapita, sijui ukitoka wapi na ukienda wapi.

Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mpole. Siku ya kuondoka alinishika mkono akasema, "Dada, chakula chako kizuri na vyumba vyako visafi. Lakini watu wangu wamefanyia kazi kwenye mashuka. Semina ijayo tutajaribu kwingine. Usinielewe vibaya."

Sikumwelewa vibaya. Nilimwelewa vizuri kabisa, na ndiyo maana iliniuma.

Wakati huo tulikuwa na ruta moja ndogo nyuma ya kaunta ya mapokezi. Aliyelala chumba namba moja aliangalia mpira bila shida. Wa namba tisa alibahatisha hata ujumbe wa maandishi. Mgeni akilalamika, nilikuwa naizima ile ruta, naiwasha, kisha namwambia asubiri kidogo. Huo ndio ulikuwa utaalamu wangu wote.

Nikampigia kaka. Kaka yangu amenizidi miaka minane, anaishi Handeni anakouza mbao, na ile nyumba ni yetu sote wawili tangu baba alipofariki. Mimi naishi pale na mama na ndimi ninayeiendesha. Yeye huja kila Alhamisi, anakagua paa, anakula, anaamua mambo, kisha anarudi kwake. Jenereta aliichagua yeye. Rangi ya ukuta wa mbele aliichagua yeye pia, rangi ya boga lililoiva, na mpaka leo waendesha bodaboda wanaitumia kuelekezana njia.

"Waifai?" alisema. "Hilo dogo. Rafiki yangu niliyesoma naye bweni ana duka la vifaa hivyo Tanga. Nitamwambia aje afunge."

"Nataka kulinganisha kwanza, kaka. Niwaite wauzaji watatu."

"Unalinganisha nini? Mtandao ni mtandao."

Jibu lilitoka kwa mama, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda karibu yangu akichambua mchicha na kusikia yote kwa spika.

"Nilipokuwa nanunua magodoro ya kwanza ya nyumba hii," alisema, "kila muuzaji aliniambia lake ndilo. Nikawaambia walete moja moja nilalie. Godoro hulaliwa, halisimuliwi."

Kaka huwa habishani na mama. "Haya," akasema, "lakini rafiki yangu awe wa kwanza."

Akawa wa kwanza. Alifika na gari safi, viatu vinavyong'aa, na mfuko wa visheti kwa ajili ya mama. Alimpa mama shikamoo yake kwa kuinama, akaulizia magoti yake, akaulizia mashamba ya kwao Lushoto, mpaka mama akamwagizia soda. Kisha akafungua kompyuta ukumbini na kunionyesha picha za hoteli kubwa za ufukweni. Neno lake lilikuwa kasi. Kila sentensi ilianzia au iliishia hapo.

"Na hizi kuta zetu?" nilimuuliza, nikiugonga mmoja kwa kiganja.

"Dada, kifaa chetu kinapenya ukuta wowote."

"Hata huu?"

"Wowote."

Aliinuka kitini mara moja tu, kwenda kunawa mikono kwa ajili ya chakula cha mchana. Jioni profoma yake, hati ya makadirio ya bei, ilifika kwenye simu: vifaa kumi vya kurushia mtandao. Nilimwandikia kumuuliza amejuaje kuwa ni kumi. Akajibu kwamba hayo ni makadirio ya kawaida. Kaka naye akanipigia kuuliza nimemwonaje. Nikasema ni mtu wa watu, na nilimaanisha hivyo.

Wa pili niliwapata mtandaoni kwa kujikunja pale kwenye kamba za nguo, kampuni moja ya Dar es Salaam. Walituma vijana wawili wenye mashati yaliyofanana na vitambulisho shingoni. Hawa hawakukaa. Walizunguka jengo zima na kompyuta mkononi, chumba kwa chumba, stoo, jikoni, hadi bafuni, na walipomaliza walikuwa wamechora ramani ya nyumba yetu yenye rangi. Kijani palikuwa pazuri, njano pa wastani, nyekundu hapafai. Chumba cha mama, kilichoko mwisho wa korido, kilikuwa chekundu kama nyanya. Niliitazama ile ramani kwa muda mrefu. Nimeishi nyumba ile tangu nikiwa msichana, sikuwahi kuiona namna hiyo, kama daktari anavyoona picha ya kifua. Vifaa saba, walisema. Nilikuwa karibu kusaini palepale.

Mama ndiye aliyeuliza, "Kikiharibika, nani anakuja?"

"Mnafungua tiketi kwenye mfumo wetu, mama," mmoja wao akajibu.

"Tiketi ya kwenda wapi?"

Yule kijana hakucheka, na kwa hilo nilimheshimu. Alichuchumaa mbele ya mama akamweleza pole pole kwamba tiketi ni taarifa ya tatizo: unaandika, unapewa namba, wao wanajaribu kutengeneza wakiwa Dar, ikishindikana wanatuma mtu. Mama aliitikia kwa kichwa kwa adabu. Walipoondoka aliniambia, "Watoto wazuri. Lakini wanakaa mbali."

Niliwaomba wanitajie mteja wao mmoja wa huku kwetu. Wakanipa namba ya mama mwenye mgahawa na vyumba vya kulala pale Kabuku, barabarani. Ningeweza kumpigia tu, lakini kwenye simu mtu husema ni nzuri ili akate aendelee na kazi zake. Jumatano nikapanda basi kupitia Segera nikaenda.

Mwenyewe nilimkuta anamenya machungwa mezani, mabasi yakipita nje na kutikisa glasi. Nilimwambia nimetokea Korogwe, nina nyumba ya wageni kama yake, na nataka kujua ukweli kuhusu waifai yake. Akanisogezea sahani ya machungwa.

"Waifai yao nzuri," alisema. "Sikudanganyi. Hapo ulipokaa unaweza kuangalia chochote. Ila walikueleza habari ya leseni?"

"Leseni gani?"

"Basi hawajakueleza."

Alinieleza kwamba vile vifaa hufanya kazi kwa leseni inayolipiwa kila mwaka. Mwaka uliopita binti yake alilazwa Muheza, akakaa naye hospitali wiki kadhaa, na leseni ikaisha bila yeye kukumbuka. Aliporudi, vifaa vilikuwa bado juu ya dari, vimewaka taa ya rangi ya machungwa, mtandao hakuna.

"Nilivinunua mwenyewe," alisema, "viko kwenye dari yangu, vinanikodolea macho. Nikawapigia kwa hasira. Wakaniambia imeandikwa ukurasa wa nne. Nikaangalia. Kweli imeandikwa."

"Ulifanyaje siku hizo?"

"Kuna mwalimu wa chuo cha ufundi Handeni, mwanamke. Alikuja akanifungia kitu cha muda hadi mambo yakakaa sawa. Ngoja nikupe namba yake."

Njiani kurudi niliutoa kwenye pochi mkataba walioniachia wale vijana wa Dar, nikausoma ukurasa wa nne, ulioandikwa kwa herufi ndogo kama mbegu za mchicha. Leseni ilikuwepo. Hawakuwa wamenificha, ila hawakuwa wamenionyesha.

Mwalimu alikuja Jumamosi kwa basi, na begi mgongoni na sandali miguuni. Hakuleta picha za hoteli. Baada ya maji ya kunywa aliomba ngazi, akapanda kuangalia dari, akashuka na vumbi nyusini. Ndipo akaanza kuuliza. Siku ukumbi ukijaa wanakaa watu wangapi? Wanakaa wapi? Wanafanya nini na simu zao? Umeme hukatika saa ngapi zaidi? Aligonga kuta kwa kifundo cha kidole huku akisikiliza, na kila kitu alikiandika kwenye daftari la shule.

Mama alimsalimu kwa Kishambaa, mwalimu akamjibu kwa Kizigua, na wakaendelea hivyo, kila mmoja na lugha yake, kama majirani wanaozungumza juu ya uzio. Mimi nilisimama na daftari la watu nikisubiri wamalize.

"Vifaa vitano vinatosha," aliniambia mwishoni. "Ila chumba cha mama sina hakika nacho. Lazima nijaribu."

Katika wiki zote zile hakuna aliyekuwa ameniambia hana hakika na jambo lolote. Kwanza nilimwamini kwa sababu hiyo. Baada ya robo saa nikaanza kuogopa kwa sababu hiyohiyo.

Kaka aliposikia alisema, "Huyo ndiye kampuni? Mtu mmoja na begi? Akiugua je? Akihamishwa?"

Alikuwa na hoja, na sikutaka kujifanya kwamba hana. Nikampigia mwalimu nikamuuliza maneno yaleyale. Akasema atachora kila waya ulikopita, ataandika jina kwenye kila ncha, na paswedi zote za vifaa zitakaa kwangu ndani ya bahasha, ili fundi yeyote mwenye akili akija aweze kuendelea hapo alipoishia. Na yuko fundi mwenzake pale pale Korogwe ambaye anaweza kufika kwa miguu.

Basi nikafanya kama mama alivyofanya na magodoro. Kulikuwa na kamati ya harusi iliyokuwa inakutana ukumbini kwetu kila Jumapili mchana, watu kama arobaini, na sijawahi kuona watu wanaochezea simu kama kamati ya harusi. Niliwaambia wauzaji wote: leteni vifaa vyenu kwa Jumapili moja, tuone ukumbini na tuone chumbani kwa mama. Kampuni ya Dar ilinijibu kwa heshima kwamba utaratibu wao hauruhusu kuazimisha kabla ya mkataba. Wakabaki wawili.

Jumapili ya kwanza ilikuwa ya rafiki wa kaka, na kaka mwenyewe alikuja kushuhudia. Kifaa kiliwekwa juu ya kabati la ukumbini. Wajumbe walipokuwa wachache kilikwenda vizuri, na kaka akanitazama kwa jicho la kusema si nilikwambia. Kisha katibu wa kamati akatuma video ya mitindo ya sare, watu arobaini wakaifungua kwa pamoja, na ukumbi mzima ukaanza kutikisa simu kama watu wanaopepea mkaa.

Mama kila Jumapili humpigia mdogo wake wa Kerenge kwa video. Siku ile mdogo wake alikuwa anamwonyesha ndama aliyezaliwa. Tulikuwa tumekaa mezani tunakula pilau, mama akatokea koridoni ameshika simu kwa mikono miwili kama sinia.

"Baba," alimwambia mgeni wetu kwa upole, "mdogo wangu amesimama mdomo wazi tangu ulipoanza kula."

Kaka aliweka kijiko chini. Rafiki yake alinawa mikono, akafuatana na mama hadi chumbani, na mimi nikafuata. Aliugonga ukuta, akaangalia unene wake pale dirishani, akakaa kwenye kiti cha mama.

"Dada," alisema, "kusema kweli mimi ni muuzaji. Kufunga huwa natafuta mafundi, na wao ndio wanaona nyumba. Sikupaswa kukuambia ukuta wowote."

Nilimwonea huruma. Si rahisi kwa mwanaume wa umri ule kusema hivyo mbele ya mama mzima na ndama aliyeganda kwenye kioo.

Jumapili ya pili mwalimu alifika asubuhi, akafunga vifaa viwili ukumbini na kulaza waya sakafuni kwa utepe wa gundi ili watu wasijikwae. Kamati ilibishana kuhusu keki, ikatumiana picha za keki, na hakuna aliyeinua simu juu. Lakini chumbani kwa mama alishindwa kama mwenzake. Alihamisha kifaa kimoja hadi koridoni, karibu na mlango wa mbao. Mlango ukiwa wazi, mdogo wa mama alionekana na kusikika. Ukifungwa, anakatikakatika. Mwalimu alikaa chini akaegemea ukuta, akafikiri.

"Chumba hiki kinataka kifaa chake," akasema, "na waya utoboe ukuta. Hakuna njia nyingine. Kwa hiyo ni sita, si vitano. Nilikosea."

Kaka alimuuliza maswali kwa saa nzima. Nilijua anamtega. Mwalimu alimjibu yote bila haraka, na mara mbili alisema, "Hilo silijui." Nilipotoka kuwaaga wanakamati niliwakuta wawili hao wanachora kitu pamoja kwenye daftari.

Jioni hiyo, jua halijazama, kaka aliketi na mimi kwenye ngazi za mbele.

"Yule rafiki yangu nitamwambiaje?" aliuliza.

"Vifaa tununue kwake," nilisema. "Nilimuuliza mwalimu. Anasema vifaa vyake ni vizuri na havina leseni ya mwaka, shida ilikuwa mahali vilipowekwa. Tanga si mbali, kimoja kikifa anatubadilishia. Mwalimu atafunga."

Kaka aligeuka akaangalia ukuta wake wa rangi ya boga.

"Umeshaamua," akasema.

"Nimeamua. Lakini nakuuliza."

"Hayo ni mambo mawili."

"Ndiyo, ni mawili."

Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Baba alipofariki," alisema, "nilidhani nisipoamua mimi utaelemewa. Wewe na mama, nyumba kubwa namna hii. Nikawa nakuja kila Alhamisi na maamuzi kama mtu anayeleta nyama."

Miaka yote nilikuwa nimefikiri haniamini. Nilimwambia nyama aendelee kuileta. Akasema sawa.

Kampuni ya Dar niliwapigia mwenyewe nikawaeleza kwa nini sitaendelea nao. Yule kijana aliyechuchumaa mbele ya mama alinishukuru, akaniuliza ni nini hasa kimewashinda. Nikamwambia ukurasa wa nne. Akasema atawaambia wakubwa wake.

Kazi ya kufunga ilichukua siku mbili. Rafiki wa kaka alivileta vifaa yeye mwenyewe kutoka Tanga, na akabaki. Alivua viatu vyake vinavyong'aa, akapanda ngazi kuingia darini kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya biashara, mwalimu akimwelekeza kutoka chini: kushoto, si hapo, mbele kidogo. Alishuka na utando wa buibui masikioni, amefurahi kama aliyetoka kuogelea. Kwenye ukuta wa mama drili ilivunja ncha yake ya kutobolea ya kwanza, ikavunja ya pili. Kaka akaenda kwa fundi mwashi wa mtaa wa pili, akaazima tindo na nyundo, akautoboa kwa mikono yake. Ilimchukua asubuhi nzima. Mama alikaa nje ya mlango akimhesabia mapumziko na kumpa uji.

Wa kwanza kuutumia mtandao mpya walikuwa wauguzi waliokuja kwa mafunzo ya wiki moja. Hawakusema chochote kuhusu mtandao, si kizuri wala kibaya. Nilijifunza kwamba hiyo ndiyo sifa ya mtandao unaofanya kazi. Si kwamba kila kitu kimekamilika. Ukumbi ukijaa, mtandao wa chumba namba saba unavuta miguu, na umeme ukikatika muda mrefu betri ndogo tuliyoweka inachoka. Bahasha ya paswedi ninayo kabatini. Mwalimu na yule rafiki wa kaka sasa wanafanya kazi pamoja: yule muuzaji haandiki profoma ya mteja mpaka mwalimu awe amekwenda kugonga kuta.

Wenye nyumba za wageni wengine hunipigia kuniuliza wanunue wapi, wamlipe nani. Huwa nawauliza habari za kuta zao kwanza, na wengi wanakata simu wakidhani sijawaelewa.

Wiki iliyopita kaka alinipigia Jumanne, siku ambayo si yake. Alisema mgeni mmoja amemwambia tenki letu la maji linavuja upande wa chini.

"Kama ni kununua jingine, kuna la plastiki na kuna la bati," alisema. "Wewe unaonaje?"

Nikamwambia sijui bado, ngoja nikaliangalie. Nikachukua ngazi nikapanda.